Unataka mkusanyo wa vimondo wenye kila aina? Anza hivi

Kabla hujatoa hata senti tano amua kwanza "kila aina" kwako inaishia wapi, maana wengi wanaruka hapa halafu baadaye wanakwama. Ukihesabu juujuu vimondo ni vya mawe, vya chuma, na vile vya chuma na jiwe pamoja, basi, vipande vitatu umemaliza. Ukishuka ngazi moja unapata kumi na kitu, ukishuka mpaka makundi ya kikemia unafika arobaini na ushee, na ukitaka tena kila daraja ndani ya kila kundi hapo tafuta mtu wa kukulipia. Mimi nasema lenga makundi, ila jaza kwanza zile nafasi rahisi ukiwa unazoeza macho, zile ngumu zinasubiri, hazikimbii.

Halafu zoea lebo. Ukiona H5 au CV3, herufi ni kundi na namba inakwambia jiwe lilipitia nini huko kwao angani. 3 ni lile ambalo halijaguswa sana, 4 mpaka 6 lilipashwa joto zaidi na zaidi, 2 na 1 yaliloweshwa na maji. Ukilielewa hilo tu tayari huwezi kubabaishwa na muuzaji.

Tuanze na kondraiti (vimondo vya mawe ambavyo havijawahi kuyeyuka) za kawaida, hizi ndizo zaidi ya asilimia 80 ya vimondo vyote vinavyoonekana vikianguka, kwa hiyo bei yake ni ya huruma. Makundi ni matatu: H yenye chuma kingi, L yenye kidogo, LL kidogo zaidi. Kwa H chukua Gao-Guenie ya Burkina Faso, ilianguka 1960, vipo vingi sokoni. LL chukua Chelyabinsk, ile ya Urusi ya tarehe 15 Februari 2013 iliyovunja vioo mji mzima, video zake kila mtu kaziona. L kwa mtu wa huku kwetu hakuna mjadala, tafuta Mbale, ile iliyonyesha mawe Uganda tarehe 14 Agosti 1992, kipande kimoja cha gramu chache kikagonga jani la mgomba kwanza ndio kikampata kijana kichwani na akabaki salama. Vipande vyake huwa vinauzwa, sio rahisi sana kuvipata, ila vipo. Kama mfuko haujakaa vizuri, kondraiti ya Sahara inafanya kazi ileile kwa pesa ya soda, na ukikiangalia kipande kilichokatwa kwa lenzi utaona kondruli, yale matone ya mviringo yaliyoganda kabla hata Dunia haijakuwepo, na katikati yake chembe za chuma zinametameta.

Sasa kondraiti za kaboni, hapa ndio utamu na ndipo pesa inapokwenda. Allende ya Mexico (8 Februari 1969) ni CV3 na ni lazima uwe nayo, zilianguka kama tani mbili kwa hiyo haijawa adimu. Usinunue kipande chenye ganda tu, nunua slesi. Uso wa ndani ni kijivu kilichokoza na juu yake utaona madoa meupe yasiyo na umbo, mengine kama punje ya mchele, mengine makubwa kuliko hapo, na hayo madoa ndio vitu vigumu vya zamani kuliko vyote vilivyoundwa ndani ya mfumo wa Jua letu, miaka bilioni 4.567. Yaani umekishika mkononi. Murchison ya Australia ya mwaka huohuo 1969 inajaza CM2, bei yake imepanda sana kwa sababu ya zile amino asidi walizozikuta ndani, kwa hiyo wengi siku hizi wanachukua Aguas Zarcas ya Costa Rica ya 2019, nayo ni CM2 na sioni ubaya. CO, CK na CR zote zinapatikana kutoka Sahara. CB chukua Gujba ya Nigeria, ilianguka 1984, ina vigololi vya chuma ndani ambavyo kwenye slesi vinaonekana vizuri mno.

Halafu kuna CI. Hiyo I ni Ivuna, na Ivuna ni yetu, ilianguka Tanganyika tarehe 16 Desemba 1938, mkoa wa Songwe wa sasa, zikaokotwa gramu 705 hivi basi. Kundi zima linalokaribia kabisa muundo wa Jua lenyewe (ukiondoa gesi) limepewa jina la kijiji cha kwetu na Watanzania wengi hawajui, kipande kikubwa kikaishia makumbusho ya historia ya asili London ambao walikinunua 2008. Kwako wewe Ivuna sahau labda upate vumbi. Wenzetu wanajaza nafasi hii na chenga za Orgueil, iliyoanguka Ufaransa 1864, na hata hizo zinauzwa kwa miligramu. Nunua zikiwa kwenye kichupa kilichozibwa na usikifungue fungue, CI ni laini na inamomonyoka, unyevu ukiingia inachanua chumvi nyeupe halafu inabaki unga.

Kundi la R nalo ni hivyohivyo, jina limetoka Rumuruti, Kenya, Januari 1934, jiwe moja dogo la gramu 67 liko Berlin, na lilikaa huko miongo mingi kabla wataalamu hawajajua kwamba ni kundi jipya kabisa. Bahati nzuri Sahara imetoa R nyingi tangu hapo, nunua slesi, ya gramu mbili tatu inatosha. Kondraiti za enstataiti (EH na EL) ni za Sahara pia, ukizikata zina chuma tele lakini zinapata kutu haraka kwa hiyo chagua zilizokatwa karibuni. Kundi la K liache wazi, Kakangari na ndugu zake ni wachache mno, nafasi tupu yenye lebo haiui mtu.

Tukija kwenye akondraiti, haya ni mawe ambayo yaliyeyuka huko yalikotoka. Anza na familia ya asteroidi Vesta ambayo ni tatu: yukraiti, dayojenaiti na hawadaiti. Yukraiti chukua Millbillillie ya Australia au ya Sahara. Dayojenaiti mimi napenda Tatahouine ya Tunisia, 1931, vijipande vyake ni vya kijani na vinavunjika vizuri, kipande kidogo tu kinapendeza. Hawadaiti ni mchanganyiko wa hizo mbili, Sahara ipo, japo Kapoeta ya Sudan Kusini (1942) ukiipata hata punje usiiachie. Ureilaiti ipo ya Almahata Sitta, Sudan, tarehe 7 Oktoba 2008, hii ni ya kwanza kabisa ambayo jiwe lilionwa likiwa bado angani, likapewa jina 2008 TC3, na kabla ya siku moja kuisha likaanguka jangwani. Obraiti chukua Norton County ya Marekani, 1948, nyeupe kama haitoki angani vile. Angraiti, brakinaiti, akapulkoaiti, lodranaiti na winonaiti zote nunua za Sahara zenye namba, ndogo ndogo, usijitese kutafuta zile zenye majina makubwa.

Vimondo vya Mwezi vimeshuka bei sana tangu Sahara ifunguke, chenga halali unaweza kumudu. Vya Mars vina aina kuu tatu: shagotaiti, nakhlaiti, shasignaiti. Shagotaiti tafuta Zagami, Nigeria 1962, mkulima alikuwa shambani jiwe likatua mita chache kutoka alipo, kilo 18. Nakhlaiti ni Misri 1911, shasignaiti ni Ufaransa 1815 na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote tatu. Na ukiulizwa wanajuaje ni Mars, jibu ni gesi: ndani ya kimondo kimoja cha Antaktika walikuta hewa iliyonaswa inayolingana na ile chombo cha Viking ilichopima kule Mars 1976.

Sasa vile vya chuma na jiwe pamoja, ambavyo ni palasaiti na mesosideraiti. Palasaiti ndio kipande ambacho wageni wote watakwendea kwanza. Chukua Sericho, Kenya hiyohiyo, maeneo ya kati ya Sericho na Habaswein, wachungaji wa ngamia walikuwa wanayajua mawe yale miaka mingi, dunia ikajua karibuni tu, zaidi ya tani mbili. Ukishika slesi nyembamba mbele ya taa zile fuwele za madini ya olivini zinapitisha mwanga, rangi ya asali na kijani, zimeshikwa na chuma pande zote. Mesosideraiti chukua Vaca Muerta ya Chile.

Chuma sasa. Makundi yake yanapangwa kwa nikeli, galiamu, jemaniamu na iridiamu, macho peke yake hayatoshi. IAB chukua Canyon Diablo, IIAB chukua Sikhote-Alin (Urusi, 12 Februari 1947) ambayo ina vibonyeo kama vidole vilivyopita kwenye ugali, IVA chukua Muonionalusta. Angalau kipande kimoja kiwe kimekatwa na kuoshwa na tindikali ili ile michirizi ya Widmanstätten ionekane, hiyo inatengenezwa na chuma kupoa polepole sana, kwa mamilioni ya miaka, hakuna karakana inayoweza kuigiza. Kwa kile kisicho na kundi, Mbozi ndio mfalme, tani kama 16, lakini ni urithi wa taifa, hicho unakwenda kukiona pale Songwe na kupiga picha, mwenye kukuuzia kipande mkimbie. Kwenye droo weka Chinga ya Urusi.

Sheria nazo zina maneno yake. Ndugu zetu wa Muscat mnaookota vimondo jangwani Dhofar, Oman hairuhusu kuvitoa nje bila kibali. Gibeon, chuma cha Namibia, inalindwa, Argentina nayo ilipitisha sheria 2007, kwa hiyo ukinunua Campo del Cielo ya huko uliza ilitoka lini na karatasi ziko wapi.

Kununua: kila jina au namba ya NWA (kifupi cha Kaskazini-Magharibi mwa Afrika, ndilo jina wanalopewa vimondo vingi vya Sahara) iangalie kwenye hifadhidata ya Meteoritical Bulletin, iko bure, ina kundi, uzito wote uliopatikana na mara nyingi picha. Ikiandikwa NWA bila namba ina maana haijapimwa, sasa mtu akikuuzia hiyo kama CK ujue anakisia au anakudanganya, moja kati ya hayo. Kipande cha gramu moja chenye karatasi nakipa heshima kuliko jiwe la kilo lisilo na ukoo. Na hawa madalali wa WhatsApp wenye jiwe "linalozima simu" na wanaotaka pesa ya kupima kwanza, hao wala msijibizane.

Ukiokota mwenyewe: sumaku ndogo iliyofungwa uzi ivutwe kidogo, lichubue kwenye nyuma ya kigae kisichong'arishwa, likiacha mstari mwekundu au mweusi uliokolea ni madini ya chuma ya hapa hapa Duniani, likiwa na matundu ya mapovu ni takataka ya tanuru. Usitumie sumaku kubwa zile kali, zinafuta kumbukumbu ya sumaku iliyomo kwenye jiwe. Likifaulu yote, kulipima rasmi kunahitaji uiachie maabara gramu 20 au asilimia 20 ya jiwe, ile iliyo ndogo.

Kutunza, hasa ukiwa Mombasa, Dar au Unguja ambapo chumvi iko hewani: usiguse chuma kwa vidole vitupu, kiweke kwenye kopo la kubana lenye silika jeli, vile vipakiti vya kwenye viatu vipya ni vichache mno, nunua ya kilo ile inayobadilika rangi, ikibadilika unaikausha kwenye oveni unairudisha. Kutu ikianza futa kwa spiriti, sio maji hata siku moja. Kila kipande kiwe na boksi lake na kadi yake: jina, kundi, uzito mpaka sehemu ya mia ya gramu, umenunua kwa nani, tarehe, na ile kadi ya muuzaji wa kwanza usiitupe hata ikichakaa, piga na picha ya vyote viwili pamoja uhifadhi kwenye simu na kwingine.