Mti wa Krismasi uani: mambo ya kuzingatia kabla ya kuchimba shimo Mwanza

Msprusi wa Ulaya, ule wa kwenye kadi za Krismasi, hauna maisha Mwanza. Unahitaji miezi ya baridi kali ili machipukizi yake yapumzike kisha yaamke, na huku ziwani, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hakuna usiku unaofikia baridi ya kugandisha maji. Mbegu zake zinazouzwa mtandaoni ziache. Mti wenye umbo linalokaribia lile na unaostahimili joto letu ni araukaria, ambao asili yake ni kisiwa cha Norfolk katika Bahari ya Pasifiki. Kwenye vitalu hapa utauziwa kwa jina la mti wa Krismasi, lakini jina hilo hupewa pia msaipresi, kwa hiyo angalia matawi: ya araukaria hutoka kwa ghorofa, kila ghorofa na matawi machache yaliyonyooka pande zote. Msaipresi hupenda nyanda za juu zenye ubaridi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 vidukari wamekuwa wakiikausha mingi Afrika Mashariki.

Pima kiwanja kabla ya kupima mche. Araukaria hupita mita 20, na matawi ya chini hutanuka mita 3 hadi 4 kila upande. Weka mita 10 kutoka kwenye nyumba, na umbali usiopungua huo kutoka kwenye nyaya za umeme na shimo la maji taka. Kwenye nyaya hakuna mzaha: ukikata kilele, mti huu haurudishi umbo lake, unabaki kisiki chenye matawi ya kando. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba katikati, mti huu hauna nafasi. Panda mwashoki, ambao ni mwembamba na unakubali kupunguzwa.

Kinachoangusha miti mingi mirefu kwenye vilima vya jiji hili ni jiwe lililo chini ya udongo. Mizizi ikigonga mwamba hutambaa juujuu, na upepo wa mvua za masika huung'oa mti mzima na udongo wake. Chukua mtaimbo, uchomeke sehemu tano ndani ya duara la upana wa mita 3. Ukigota kabla ya sentimita 70 katika sehemu tatu, hama. Palipopita vizuri, chimba shimo dogo, lijaze maji jioni na ulitazame kesho yake saa kama ileile. Maji yakiwa bado yamesimama, hiyo ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, au kuna tabaka gumu chini, na mizizi itaoza. Udongo wa luseni, yaani wa kichanga, hunywa maji haraka na araukaria huupenda, ila kiangazi utaulipia kwa maji.

Mahesabu ya maji yafanywe mapema basi. Mche wa mwaka wa kwanza unataka lita 20 mara mbili kwa wiki, ambazo kuanzia Juni hadi Septemba zinakaribia lita 700. Kama bomba lako ni la mgao, uwe na simtanki au pipa. Ndiyo maana tunashauri kupanda vuli inapokolea, Novemba, ili mche upate mvua hizo na za masika kabla ya kiangazi chake cha kwanza.

Kitaluni chagua mche wa sentimita 50 hadi 80 wenye kilele kimoja. Mche mrefu kwenye kiriba kidogo hukatisha tamaa baadaye, kwa sababu mizizi imeshajizungusha na itaendelea kujizungusha hata ardhini.

Shimo la sentimita 60 kila upande hutoa karibu ndoo 11 za lita 20 za udongo. Rudishia ndoo 8 zilizochanganywa na 2 za samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Shindilia kidogo kidogo, na shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki sentimita 3 juu ya ardhi maana udongo utatitia.

Mchwa hupenda mche wenye kiu. Matandazo yakae sentimita 15 mbali na shina, na badala ya vigingi vya mbao tumia vipande viwili vya nondo, ukifunga kwa tyubu ya baiskeli. Vifungue baada ya mwaka. Kama mbuzi hupita uani, zungushia wavu siku hiyohiyo, kwani tawi la chini likiliwa halioti tena.

Mwisho, radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi sana duniani, na mti mrefu kuliko paa lako kileleni mwa kilima ndio utakaopigwa kwanza. Usiweke banda la kuku wala kamba ya kuanikia nguo chini yake.