Makelele ya usiku Lubumbashi: namna ya kuyamaliza bila kupigana na jirani

Kama unaikala Kamalondo, Kenya ao Katuba, makomini ya hapa Lubumbashi, unaijua hii: saa sita ya usiku, bafle ya bivete (baa ya mutaa) inatikisa mabati, mutoto analia, na asubui uko na kazi. Miye niliishi vile miezi ine na bivete moja nyuma ya ukuta wetu, kila besi ikipiga sahani za ku etajeri zilikuwa zinalialia zenyewe. Basi nilijifunza mambo fulani, naandika hapa juu batu bengi banateseka bure.

Kwanza, usiende usiku. Bale bamekunywa, muziki iko juu, na weye uko na hasira, hapo hakuna mazungumuzo, kuko tu kutukanana. Chukua kaye ya mutoto, andika juma moja: tarehe, saa ilianza, saa iliisha, na kile kilitokea mu nyumba (mutoto aliamuka, mama mugonjwa hakulala). Programu ya telefone ya kupima desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) inaweza kusaidia lakini usiiamini sana, besi mara mingi haiisikie muzuri. Kujua tu: mu 2009 OMS (Shirika la Afya la Dunia) iliandikia Ulaya kama makelele ya usiku, inje ya nyumba, isipite wastani wa desibeli 40.

Kisha enda saa ine ya asubui, na mukubwa mumoja wa avenyi, ule batu banamuheshimia. Sema polepole: «Papa, jambo. Tumekuya na heshima, hatutake ufunge, njo bukari ya batoto yako. Tunaomba tu kuanzia saa ine ya usiku upunguze besi na bafle zigeuke.» Omba kitu yenye kuonekana, juu ukisema tu «punguza makelele» kesho atakuambia alipunguza.

Na bafle yenyewe, hapa njo kuko siri. Ikiegemea ukuta, besi inapita mu matofali na kuingia kwako hata ukifunga dirisha. Itolewe ku ukuta, iwekwe juu ya kipande ya muse (sponji ya godoro), igeuke upande wenye hakuna batu. Ku inje, ukiongeza umbali mara mbili, mita 5 kuwa mita 10, sauti inashuka karibu desibeli 6. Kwetu njo ile ilisaidia, muziki tulikuwa tunaisikia lakini sahani zilinyamaza.

Grupu (jenereta) wakati ya delestaje, umeme ukikatwa, ni vilevile: omba jirani ageuze eshapema (bomba ya moshi), aiweke mbali na madirisha, ao ajenge kaukuta ka matofali kando yake. Lakini asiiingize mu nyumba ao mu garaje kufunga makelele, mu ule moshi kuko gazi (monoxyde de carbone) yenye inaua batu bamelala na haina arufu ya kukuamusha.

Kilio, uvumilie. Siku chache, batu banalilia wao. Kanisa yenye kupiga veye (maombi ya usiku kucha) kila ijumaa, hapo muone pastere katikati ya juma, isiwe kisha ibada wakati beko bengi.

Kama mwenye bivete anakataa, andika barua kwa shefu wa kartie, kwa Kifaransa, juu ndani ya ofisi njo lugha ya karatasi. Weka neno «tapage nocturne» (makelele ya usiku), siku na saa kutoka mu kaye yako, na Artikle 53 ya Katiba ya 2006 yenye inasema kila mutu ana haki ya mazingira yenye afya. Majirani batie saini, usiende peke yako, mutu mumoja banamuita mugomvi. Piga kopi mbili, moja ibaki, ya pili irudi kwako na kashe (muhuri) na tarehe. Bila kashe, barua haikufika. Kama juma mbili zinapita, peleka ile kopi kwa bugumestre, mukubwa wa komini.

Na bakizima saa ine, pita asubui uwaambie aksanti. Miye nilipita, mwenye bivete akaniuliza kama ya jumamosi ilikuwa sawa, nikamuambia ukweli: ile ya kisha saa tano bado.