Namna ya Kupata Nguvu na Faraja kwa Mungu Unapolea Watoto Peke Yako

Mama anayelea peke yake huijua vizuri saa ile ya usiku ambapo mtoto amekwisha kulala, vyombo vimeoshwa, na hesabu ya kodi ya nyumba, nauli na madaftari ya shule inaanza kujipanga kichwani bila kuitwa. Nimeiishi saa hiyo kwa miaka 11, tangu binti yangu alipokuwa na miezi minne, na ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya dada aliyemo ndani yake sasa, awe amefiwa na mume, ameachwa, amemkimbia mtu aliyekuwa akimpiga, au amezaa kabla ya ndoa. Mimi ni Mlutheri wa hapa Tanzania, kwa hiyo nitasema zaidi juu ya mambo ninayoyajua katika usharika, lakini ninaamini mengi yatamfaa pia Mkatoliki, Mwanglikana, Mmoraviani na Mpentekoste.

Ukiwa na jioni moja tu ya kusoma Biblia, soma habari za Hajiri katika Mwanzo sura ya 16 na ya 21. Utaona kwamba Abramu na Sarai, katika maneno yao yote juu ya mwanamke huyu, hawamtaji kwa jina hata mara moja. Kwao yeye ni mjakazi. Wa kwanza kumwita kwa jina lake ni malaika wa Bwana, aliyemkuta penye chemchemi jangwani, akiwa mjamzito, akamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Hajiri alijibu kwa ukweli kwamba anakimbia, na kabla ya kuondoka pale, yeye aliyekuwa mtumwa wa Kimisri asiye na wa kumtetea, alimpa Mungu jina: "Wewe U Mungu uonaye mimi." Katika sura ya 21 tunamkuta tena jangwani, safari hii akiwa na mwanawe. Maji ya kiriba yamekwisha, amemlaza kijana chini ya kijiti, naye amekwenda kuketi mbali ili asimwone akifa, akapaza sauti yake akalia. Mungu akamfumbua macho, akaona kisima, akaenda akakijaza kiriba maji. Ninakuomba uyashike mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu wako watakaokuambia uombe tu na wako watakaokuambia uache kuomba ukatafute pesa, hali Hajiri alilia mbele za Mungu, kisha akainuka na kiriba chake mkononi.

Kuomba bila kujipamba

Kwa miaka miwili ya mwanzo sala zangu zilikuwa za kuomba radhi tu. Nilidhani kwamba mtu wa hali yangu hana haki ya kulalamika mbele za Mungu, mpaka jioni moja niliposoma Zaburi ya 13, ambayo ina mistari sita tu na ambayo inamwuliza Mungu "hata lini" mara nne kabla ya kuomba lolote. Aliyeandika zaburi hiyo hakusubiri kutulia ndipo aombe. Ninachokushauri, basi, ni kuchukua dakika kumi baada ya watoto kulala, kuisoma zaburi hiyo kwa sauti ndogo, na kila inapofika "hata lini" kuweka jambo lako kwa jina lake halisi: hata lini mwenye nyumba atanigongea mlango, hata lini mtoto ataulizwa shuleni jina la baba yake na kunyamaza. Usilifunike jambo kwa maneno makubwa ya mahubiri, kwa maana Mungu anayajua maneno ya jikoni pia.

Kisha liandike jambo hilo katika daftari dogo pamoja na tarehe. Daftari langu la kwanza lina maombi mengi ambayo hayakujibiwa kama nilivyotaka, na sitakuficha hilo. Lakini lina pia maombi niliyokuwa nimesahau kwamba niliyaomba, na siku moja ya njaa niliyafungua majibu yake nikayasoma kama mtu anayehesabu akiba yake. Usiku ambao huwezi kuomba kabisa, soma Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno la matumaini, na bado imo ndani ya Maandiko Matakatifu. Kunyamaza kwako mbele za Mungu nako kuna nafasi.

Aibu na kurudi kundini

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu nimewaona akina dada wengi wakiiacha imani kwenye kizingiti hiki. Katika sharika nyingi, mwanamke aliyepata mimba nje ya ndoa huzuiwa Meza ya Bwana mpaka apewe mafundisho na kurudi kundini, mara nyingi mbele ya washarika wote. Mimi nilisimama mbele peke yangu, na mwanamume tuliyezaa naye, ambaye naye ni Mkristo, hakuna aliyemwita. Niliumia, na bado ninaamini kwamba kanisa linakosea linapomsimamisha mmoja kwa jambo la watu wawili. Tazama Yohana sura ya 8: wale walioleta mwanamke mbele ya Yesu walisema wanaifuata sheria ya Musa, wakati sheria hiyo yenyewe, katika Walawi 20:10, iliwataja mwanamume na mwanamke pamoja. Yesu aliinama akaandika chini kwa kidole, na mwisho wa yote alimwambia maneno mawili, kwamba hamhukumu na kwamba asitende dhambi tena. Hakumwambia abaki pale aendelee kutazamwa.

Ikiwa hali yako ni hiyo, usisubiri kutajwa katika matangazo. Mwombe mzee wa kanisa wa jumuiya yako, hasa akiwa mama unayemwamini, akusindikize ofisini kwa mchungaji siku ya kazi, na uulize waziwazi mafundisho ni yapi, yatachukua muda gani, na kama ungamo linaweza kufanyika ofisini. Wachungaji wengi wana moyo wa kusikiliza pale wanapoulizwa kwa heshima. Ukishaungama na kutangaziwa msamaha, jambo hilo limekwisha mbele za Mungu. Hulazimiki kuliungama upya kila Jumapili wala kukaa benchi la nyuma kabisa kana kwamba unatumikia kifungo. Na kama wewe ni mjane au mke aliyeachwa, huna kosa la kurudi kundini kwalo, hata watu wakikuchanganya na kukutazama kwa jicho lilelile.

Suala la ubatizo wa mtoto huwasumbua sana Wakatoliki. Sheria ya Kanoni ya mwaka 1983, katika kanuni ya 868, inataka ridhaa ya wazazi au angalau ya mmoja wao, pamoja na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Kwa hiyo ukiambiwa usubiri hadi baba apatikane, omba kwa upole kuonana na paroko mwenyewe na umweleze namna unavyokusudia kumlea mtoto.

Kuomba msaada kwa jambo moja

Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970 na ambazo sisi Walutheri pia tunazo, ndizo mahali ambapo nilipata ndugu. Lakini sikupata kwa kusema "naomba mniombee" tu. Soma 2 Wafalme 4: mjane alikuwa na deni, na mwia, yaani aliyemdai, alitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha alimwuliza ana nini nyumbani, akasema ana chupa ya mafuta tu, naye akamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, visiwe vichache. Muujiza ule uliwahitaji majirani. Ndiyo maana ninakuambia uende jumuiyani na jambo moja linaloweza kutendeka: "Jumanne nina zamu ya usiku, ninamwomba mama mmoja alale na mwanangu." Watu hushindwa kulibeba neno "nisaidieni," lakini Jumanne moja hubebeka. Wewe nawe toa ulicho nacho, kwa kuwa anayepokea tu mwisho huona haya na kuacha kuja. Mimi nilikuwa nikiandika mahudhurio na kutunza hesabu ya sadaka.

Uwe mwangalifu na yeyote anayekuambia kwamba unalea peke yako kwa sababu ya roho ya kukataliwa, na kwamba itatoka ukinunua mafuta ya upako au ukipanda mbegu ya fedha. Elisha alimwambia mjane auze mafuta, alipe deni, na yaliyobaki yamtunze yeye na wanawe. Nabii hakubaki na chochote.

Kisima kilichopo karibu ni pamoja na sheria. Kudai matunzo ya mtoto si ukosefu wa imani wala si kisasi. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wajibu wa kumtunza mtoto, na mahali pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, kabla ya mahakama. Kwa akina dada wa Kenya, ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Na kama uliondoka kwa sababu ya kipigo, usikubali kurudishwa kwa mstari wa Biblia. Ni kweli kwamba mara ya kwanza Hajiri aliambiwa arudi kwa Sarai, aliyekuwa akimtumikia. Lakini mara ya pili Mungu alimtunza hukohuko nje, na hakumrudisha. Unaweza kumsamehe mtu kwa moyo wote ukiwa unaishi mtaa mwingine, na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi lipo kwa ajili hiyo.

Mtoto na sala ya Baba Yetu

Binti yangu alikuwa na miaka mitano alipokatiza sala ya jioni na kuniuliza kama huyu Baba wa mbinguni naye hajui nyumba yetu ilipo. Sikuwa na jibu usiku ule. Baadaye nilijifunza kutolirukia swali kama hilo, bali kumwambia mtoto ukweli unaolingana na umri wake: kwamba ana baba, kwamba haishi nasi, kwamba si kosa lake, na kwamba Mungu hakwenda popote. Zaburi 68:5 inamwita Mungu "Baba wa yatima", nasi tuliufanya mstari huo kuwa wa kwake, akaukariri. Usimseme baba yake vibaya wakati wa sala, na usimtumie Mungu kama fimbo ya kumtishia mtoto mtundu, kwa maana mtoto huyu anajifunza kwako neno "baba" lina maana gani. Ikiwa unaogopa kwamba imani haiwezi kusimama katika nyumba isiyo na mwanamume, mkumbuke Timotheo, ambaye Paulo anaitaja imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na hasemi neno juu ya imani ya baba.

Kuhusu uchovu nitasema kwa kifupi. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, alipewa kwanza usingizi, mkate na maji, mara mbili, kabla ya kuulizwa swali lolote. Kwa hiyo kulala mapema badala ya kwenda kwenye mkesha kunaweza kuwa utii. Na usingizi ukikukimbia kwa majuma, au ukianza kuwaza kujidhuru wewe au mtoto, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali. Kumeza dawa hakumwondoi Mungu chumbani.

Jumuiya ikipanga ratiba ya nyumba za kusalia, usiombe yako irukwe kwa sababu ni chumba kimoja. Azima viti kwa jirani, chemsha chai, na umpe mtoto wako asome zaburi. Wangu alisoma ya 121, akakwama kwenye neno "hatasinzia", na mama mmoja mzee aliyekaa kitandani kwetu akamsaidia kulimalizia.