Kima cha chini cha mshahara Marekani: fuata mfanyakazi anakofanyia kazi, si iliko ofisi

Ukiwa na wafanyakazi Marekani, usiegemee dola 7.25 kwa saa za serikali kuu. Hazijasogea tangu Julai 2009. Jimbo, kaunti na mji vinaweza kila kimoja kuwa na kima chake, na mfanyakazi hulipwa kilicho juu zaidi. Kinachotazamwa ni mahali kazi inapofanyika: dereva wa kampuni ya Oakland akifanya kazi saa 2 au zaidi kwa wiki ndani ya San Francisco, saa hizo zinalipwa kwa kima cha San Francisco. Kwa hiyo daftari la mahudhurio lionyeshe na mji.

Penye makosa mengi ni tarehe. Majimbo mengi hupandisha 1 Januari, ila Los Angeles, Chicago na San Francisco ni 1 Julai, na Florida 30 Septemba. Kipindi cha malipo kikiwa 23 Juni hadi 6 Julai, kikate: saa za mpaka 30 Juni kwa kiwango cha zamani, zinazofuata kwa kipya. Siku ya kulipa haihusiki. Programu ya mishahara ikishika kiwango kimoja kwa kipindi chote, ingiza mistari miwili kwa mkono. Na California, bahashishi ya wateja haipunguzi kima anachodaiwa mwajiri hata senti.