SOMO: Kununua dupleksi Marekani, unaishi upande mmoja na kupangisha wa pili

Wakuu, swali hili nimelijibu mara nyingi hadi nimechoka, naliandika mara moja. Niko Ohio. Nyumba yangu ni dupleksi, yaani ina makazi mawili, juu na chini, kila moja na mlango, jiko na bafu lake. Mimi naishi chini.

1. Angalia alama zako za mkopo. Kwa FHA (mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na serikali kuu), ukiwa na 580 kwenda juu unatanguliza asilimia 3.5 ya bei. Kati ya 500 na 579 ni asilimia 10.

2. Pata barua ya benki inayosema iko tayari kukukopesha kiasi gani, kabla ya kumsumbua dalali.

3. Piga hesabu kwa pango pungufu. Benki kwa kawaida huhesabu asilimia 75 tu ya pango, maana kuna miezi nyumba itakaa tupu na kuna matengenezo. Pango la dola 1,200 lihesabu 900. Usisahau bima ya mkopo ya FHA, kodi ya jengo na bima ya nyumba.

4. MITA. Hapa ndipo nilipoungua. Niliambiwa kila upande unajilipia, nami nikaona mita mbili za umeme ukutani, nikaridhika. Kumbe gesi ilikuwa mita moja, na hita moja kule besimenti inapasha joto nyumba nzima, kitufe chake kiko juu kwa mpangaji. Januari ikaja. Mpangaji ana mtoto mchanga, akapandisha joto kama mzazi yeyote angefanya, na bili ikaja kwa jina langu. Mkataba niliouandika haukutaja joto hata kwa neno moja, nikalipa msimu wote.
Kwa hiyo shuka besimenti mwenyewe na tochi. Hesabu mita za umeme, mita za gesi, hita, matangi ya maji moto. Omba bili za miezi 12 iliyopita. Kama mita ni moja, ingiza bili yake kwenye bei ya pango na uiandike kwenye mkataba. Na usithubutu kumzimia mpangaji joto ili alipe. Hapa Ohio sheria inakataza, na kuna watoto ndani.

5. Lipa mkaguzi, na aingize kamera kwenye bomba la majitaka.

6. Sharti la FHA: hamia ndani ya siku 60 baada ya kusaini mkopo, ukae angalau mwaka mmoja.

MASWALI

– Mkuu, naweza kuchukua FHA nikapangisha pande zote, mimi nikakaa kwa shemeji?
Soma namba 6. Unasaini kwamba utaishi humo. Ukidanganya ni jinai ya serikali kuu. Sitakuelekeza njia hiyo.

– Jumla inagharimu ngapi?
Hujataja mji, kipato wala alama zako. Rudi navyo.

– Kaka, nyumba ninayoitaka ina wapangaji pande zote. Ikiuzwa, mikataba yao inakufa?
Dada, umeuliza jambo la maana sana. Haifi, unairithi kama ilivyo. Kwa hiyo upande mmoja lazima uwe wazi ndani ya zile siku 60, la sivyo utavunja sharti la mkopo. Kabla ya kusaini, kila mpangaji aandike na kutia sahihi: analipa ngapi, aliweka amana kiasi gani, mkataba unaisha lini. Hiyo amana muuzaji akukabidhi siku ya kufunga mauzo. Asipokukabidhi, mpangaji akihama atakudai wewe.

– Na kodi ya mapato?
Pango ni kipato, litangaze. Ila kwa upande uliopangisha, kila mwaka unatoa kwenye kipato hicho sehemu ya thamani ya jengo, ikigawanywa kwa miaka 27.5, ardhi haimo. Tafuta mhasibu mwaka wa kwanza.

– Mimi niko Minnesota. Naongeza: andikeni nani anakwangua theluji.
Kweli kabisa. Na nyumba ikiwa ya kabla ya 1978, mpe mpangaji karatasi ya tahadhari kuhusu rangi ya ukuta yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kabla hajasaini. Wenye watoto wanaotambaa, pangusieni madirisha kwa kitambaa kibichi, vumbi lake hukaa pale.