Fungua mlango wa gari kwa mkono wa mbali

Hii nimeijua juzi baada ya kukosakosa kumgonga mtu wa baiskeli na mlango pale Kariakoo. Ukishapaki, usifungue mlango kwa mkono ulio karibu nao, tumia ule wa mbali. Huku kwetu dereva anakaa kulia, so unavusha mkono wa kushoto mpaka kwenye kitasa (najua kushoto kwetu hakuna heshima, ila hapa ndo kwenyewe), mabega yanageuka yenyewe na macho yanapita kwenye saiti mira mpaka nyuma barabarani bila hata kukumbuka kuangalia, halafu mkono ukiwa umevuka hivyo huwezi kuutupa mlango wote kwa mara moja. Waholanzi wanafanya hivi, na Uingereza wameiweka kwenye mwongozo wao wa barabarani tangu 2022.

Abiria wa kushoto atumie mkono wa kulia, maana kwenye foleni boda na baiskeli zinapenya hata upande wa watembea kwa miguu.

Inapofeli: vioo vyenye tinti nyeusi usiku, mvua, au umepakata mtoto. Na usitegemee masikio, pikipiki za umeme karibu hazina mlio, unashtukia iko ubavuni. Watoto wa siti ya nyuma wawekee child lock (ile loki inayozuia mlango kufunguliwa kwa ndani), uwafungulie mwenyewe. Na wewe wa baiskeli pita mbali na magari yaliyopaki, kama mita moja hivi, wengi bado hawajui hii kitu.