Kipindupindu kikiingia hosteli: cha kufanya kuanzia siku ya kwanza

Dogo mmoja ambaye ni waziri wa afya kwenye serikali ya wanafunzi kanitafuta wiki hii, hosteli yao watu wanaharisha, nikamtumia voisi kibao mpaka nikaona bora niandike tu. Mi ni bwana afya, hosteli za vyuo nimezizunguka sana.

Hatua ya 1: Mgonjwa

Akiharisha majimaji kama ya kuoshea mchele, mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) hapohapo, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, aendelee kunywa njiani mnampeleka zahanati. Ikishakorogwa ikapita masaa 24, mwaga. Kwa Tanzania piga 199, bure.

Hatua ya 2: Jua nani kalala wapi

Orodha ya matroni isiwadanganye. Inasema chumba kina wanne, nenda usiku utakuta saba, maana kuna wanaobebwa, yaani wanaolala kwa wenzao bila kupangiwa chumba. Sasa ukiingia na karatasi na sura ya ukali, wanaobebwa wote wanatokea dirishani na ugonjwa wanaenda nao geto. Mwombeni mshauri wa wanafunzi atangaze kabisa kwamba kipindi hiki hakuna wa kuadhibiwa kwa kubebana, na kwenye orodha yenu andikeni namba ya simu na chumba tu, basi. Dalili zinaweza kuanza ndani ya masaa machache au mpaka siku tano, kwa hiyo kila aliyelala chumba kimoja na mgonjwa au kutumia naye choo mfuatilieni siku tano, asubuhi na jioni. Na msiwafukuze watu warudi makwao! Mkifunga chuo mmeupandisha ugonjwa mabasi ya mikoani.

Hatua ya 3: Tenki (hapa ndo kwenye kazi)

Kuchemsha maji kwa hosteli nzima sahau, umeme wenyewe vyumbani hita zimepigwa marufuku. Tia klorini kwenye tenki. Natumia HTH, klorini ya unga ya asilimia 70, vidonge vya klorini vya ndoo ya lita 20 nawaachia watu wa vyumbani.

Hesabu: unataka miligramu 2 kwa kila lita. Tenki la lita 5,000 linahitaji gramu 10 za klorini yenyewe, na kwa kuwa unga wako ni asilimia 70, gawanya kwa 0.7, unapata kama gramu 14. Pima kwa mizani ndogo ya dijitali ile ya wapika keki. Habari za kijiko sizitaki, kijiko cha nani?

Chukua ndoo ya plastiki yenye maji, ndo utie unga, usianze na unga ukamwagia maji juu yake. Vaa glavu na miwani, fanyia nje. Koroga, acha utulie, yale meupe ya chini usiyamimine, yanaziba koki. Maji ya juu ndo unayamwaga kwenye tenki wakati linajazwa ili yachanganyike, halafu funga koki nusu saa.

Sasa kipimo, na hapa ndo tuliwahi kukesha. Unapima kwa vile vidonge vya DPD vya kugeuza maji kuwa pinki, na unapima kwenye bomba la mwisho kabisa, sio chini ya tenki. Wakati wa mlipuko klorini isishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Ikisoma sifuri usikimbilie kuongeza dawa, kwa sababu sifuri ina sababu zaidi ya moja. Inawezekana tope la chini ya tenki limekula klorini yote, hapo safisha tenki kwanza. Inawezekana HTH yenyewe imekaa stoo mdomo wazi imekufa. Na inawezekana, hii ndo ilitutesa, klorini imezidi sana mpaka inaifuta ile rangi, unaona pinki inapita kama umeme halafu maji yanabaki bila rangi, unaandika sifuri, unaongeza dawa, asubuhi hosteli nzima inanuka bwawa la kuogelea. Ukiona pinki imetokea ikapotea, chukua sehemu moja ya maji hayo, changanya na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, pima tena, zidisha kwa kumi.

Hatua ya 4: Choo na matapishi

Hapa klorini ni ya asilimia 0.5. Jik ya asilimia 3.5 (soma lebo, sio zote sawa) unaweka kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Mimina kwenye matapishi, subiri dakika kumi, futa, deki na sabuni, halafu pitisha dawa tena kwenye sakafu, vitasa na koki, maana klorini ikikutana na uchafu mwingi inaishiwa nguvu. Tengeneza mpya kila siku, weka kivulini. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu, na vyoo vyenyewe havina madirisha. Kupulizia watu dawa mwilini getini acheni, inaunguza macho na haizuii chochote.

Hatua ya 5: Mikono na msosi

Sabuni na maji yanayotiririka. Sanitaiza za mkoba sizikatazi ila pesa yangu ningenunulia sabuni ya maji na ndoo zenye koki, na kama bajeti hakuna basi vibuyu chirizi nje ya kila choo, madumu mmejaza humo stoo. Mama ntilie msiwafukuze, watahamia nyuma ya ukuta ambako hamuwaoni. Wapeni maji ya tenki lenu, wauze cha moto, kachumbari na juisi za ndoo zisimame mpaka bwana afya wa wilaya aruhusu.